Simu Yangu Yasema Mwaka Mzima Nilisikiliza Mvua

Desemba imefika, na kama kawaida kila mtu ashabandika ile hesabu yake ya Spotify. Ati mimi niko kwenye asilimia ngapi ya mashabiki wa fulani. Sawa, tumeona. Basi na mimi nikafungua yangu, nimekaa barazani kwetu Kibokoni na glasi ya juisi ya ukwaju, nimejiandaa kabisa kujishaua. Si mimi ndiye ninayewapa maoni ya muziki kila wiki?

Wajua namba moja wangu alikuwa nani? Mvua.

Sio msanii anayeitwa Mvua. Mvua yenyewe. Sauti ya mvua ikinyesha, usiku kucha. Maanake kuanzia Januari hadi Machi mji huu wawaka moto, feni yetu yanguruma kama feri ya Likoni, na mimi silali bila kuweka kitu masikioni. Kwa hivyo mwaka 2024, kwa mujibu wa simu yangu, mimi ni shabiki sugu wa maji.

Nikamuonyesha mamangu. Alikuwa akikanda unga wa mahamri ya kesho, mikono imejaa unga mpaka kwenye viwiko. Akachungulia, akaniuliza: "Ati simu ndiyo imekuhesabia? Kwani wewe muziki wausikia kwa simu?"

Mamangu hana habari na Spotify, lakini hapo aligonga penyewe.

Hebu fikirieni. Spotify iliingia Kenya Februari 2021. Tangu hapo kila Desemba twangojea ituambie sisi ni nani. Lakini ile yahesabu kitu kimoja tu: ngoma uliyoibonyeza mwenyewe, ndani ya programu yao. Sasa mimi bando langu ni la kubana. Spotify naifungua nikiwa kwenye waifai, yaani usiku kwa jirani anayetugawia, wakati nishachoka nataka kulala. Mchana wote simu haijui nasikia nini. Na Mombasa, wadau, muziki wenyewe ni wa mchana, na ni wa watu wengi. Huuchagui, wakupata ulipo.

Basi nikaamua kuhesabu mwenyewe. Siku saba za mwanzo wa Desemba, kila ngoma niliyoisikia ikafika masikioni nikaielewa, nikaandika kwa simu. Mamangu akanicheka, akasema nimekuwa karani wa kura. Siku ya saba nikapata ngoma 214. Kwenye matatu na tuktuk, 88. Kwa majirani na njiani, kuanzia spika ya kinyozi hadi kijana wa viazi karai, 61. Kwenye harusi moja, usiku mmoja, 34. Na zile nilizochagua mimi mwenyewe? Ni 31.

Thelathini na moja kati ya mia mbili na kumi na nne. Hiyo ndiyo sehemu yangu mimi. Nyingine zote nilichaguliwa na dereva, na kinyozi, na bibi wa ghorofa ya juu anayefungulia taarabu akianza kuchambua mchele.

Hapo bado nilikuwa nacheka. Kicheko kilikatika nilipoongeza safu ya pili kwenye hesabu yangu: jina la mwimbaji. Za Wabongo nilizijua karibu zote. Za Nairobi, nyingi. Za Nigeria hata sikwambii. Nikafika kwenye taarabu ya bibi wa juu na ngoma za harusi, nikakuta safu tupu. Sauti nazijua tangu niko tumboni. Maneno nayafuata bila kukosea. Nani anaimba? Sijui.

Mimi, mchambuzi wa muziki. Wa Mji wa Kale. Nyumba na nyumba na hizo sauti.

Nikajitetea kwanza. Nikasema sio makosa yangu, ni ya flashi. Na kwa kweli flashi ina kesi ya kujibu. Nilipanda nikamuomba bibi anionyeshe anachopiga. Ana kanda za zamani kwenye mkebe wa biskuti, nyingine za Mbwana Radio Service, lile duka la hapa Mombasa lililokuwa likirekodi taarabu na kuziuza. Ukishika kanda wasoma: Juma Bhalo. Zein l'Abdin. Zuhura Swaleh. Jina liko pale kwenye karatasi, huwezi kuweka kanda bila kuliona. Lakini redio ya kanda ya bibi ilikufa zamani, kwa hivyo mjukuu wake alimjazia flashi kwa jamaa wa mjini. Kwenye flashi hakuna Juma Bhalo. Kuna "Track 07". Kuna "AUD" na tarehe na "WA", maanake ilipita WhatsApp mara hamsini kabla ya kufika. Ngoma imefika salama, mwenyewe kaachwa njiani.

Juma Bhalo alifariki 2014. Zein l'Abdin, yule fundi wa udi aliyetoka Lamu, alifariki 2016. Mimi wakati huo niko shule, nyumba zao za muziki ni huku huku kwetu, na wala sikujua kama kuna mtu wa kumsikiliza akiwa hai.

Sasa nije kwenye lile ambalo silipendi kulisema.

Posti yangu iliyosomwa zaidi ya zote mwaka huu ni tanzia. Mwezi wa Septemba alifariki Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms. Yeye ndiye aliyeandika Jambo Bwana, ile iliyotoka 1982, mpaka Boney M wakaimba ya kwao mwaka uliofuata. Watu wengine wadhani "hakuna matata" ilianzia kwenye filamu ya The Lion King ya 1994. Ngoma ya watu wa pwani ilikuwa na miaka kumi na mbili tayari.

Mimi hiyo ngoma nimeisikia kuliko wimbo wowote duniani. Ukikua karibu na Fort Jesus utaisikia tu, watalii wanaimbiwa kila siku, wengine waondoka na maneno mawili ya Kiswahili, yote ya mle. Na walahi, siku aliyofariki ndiyo siku niliyolijua jina lake. Nikasoma harakaharaka, nikaandika kwa machungu, "tumepoteza gwiji wetu", nikaweka picha nyeusi na nyeupe. Ikasambaa. Watu wakanisifu. Nikapata wafuasi wengi kwa siku mbili kuliko miezi mitatu yote iliyotangulia. Nilifurahi, na sitawadanganya kwamba sikufurahi.

Wiki ile nikapita kwenye baraza la wazee wa kahawa, hapa Mji wa Kale. Mmoja akaniita. Nikamwamkia, "Shikamoo babu." Akaitikia, "Marahaba mjukuu wangu. Wewe ndiye ulomwandika Kalanda? Kijana wangu alinisomea." Nikasema ndio babu, nimeshajaa kifua. Akasema, "Umeandika vyema. Sasa nambie, walo hai umewaandika wangapi?"

Sikuwa na jibu. Akanisukumia kikombe cha kahawa chungu na kipande cha kashata, akageukia wenzake wakaendelea na habari zao. Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali angenigombeza.

Nataka mnielewe. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, ada ilitushinda. Hivi ndivyo ninavyokula. Namba zikipanda napata kazi ndogo ya tangazo, mamangu anapumzika na mbaazi za alfajiri siku mbili tatu. Kwa hivyo niliposoma kwamba posti yangu bora ni ya mtu aliyekufa, nilijiona kama muuza sanda. Msanii wa pwani akiwa hai hana bei kwangu, akifa ndiyo ananilipa. Hapana. Hiyo sio kazi niliyoachia chuo.

Basi turudi kwenye harusi, zile ngoma 34.

Ilikuwa kupamba kwa binamu yangu. Wasichana wa huku mwajua: mlangoni wakusanya simu. Ukikataa, warudi nyumbani na gauni lako. Na ni haki, maanake ndani watu wametoa mabuibui, hakuna anayetaka kesho ajikute kwa simu ya mwanamume asiyemjua. Nikaacha simu nikaingia na kalamu na kikaratasi kwenye pochi, karani wa kura bado yuko kazini.

Yule mwanamke aliyeimba usiku ule, jamani. Umri wa mamangu hivi, kinanda kimoja na dumbaki pembeni. Alianza polepole, watu bado wanatafuta viti. Kufika ngoma ya tatu ukumbi mzima umesimama, chakacha imeshika, mabibi wenye magoti mabovu wamesahau magoti, noti zamiminika kwenye kitambaa chake. Shangazi yangu alitunza mpaka akakopa kwa shangazi mwingine. Nimeona matamasha mwaka huu, nimeona jukwaa lenye taa na moshi. Hakuna aliyeshika watu vile.

Na hakuna ushahidi wowote. Hakuna video, hakuna kipande cha sekunde kumi na tano, hakuna hesabu. Kwa mtandao usiku ule haukutokea. Kitu pekee ambacho ningeweza kutoka nacho pale ukumbini bila kuvunja heshima ya mtu ni jina lake.

Nikamfuata anakunja nyaya. Nikamwambia, "Mama, naandika mambo ya muziki, naomba nijue jina lako." Akaniangalia juu chini, akanipa. Nikamuuliza kama naweza kulitaja. Akacheka: "Ukinitaja, taja na kwamba nafanya kazi. Watu wanipende na wanite." Tumekubaliana nitamwandika Januari, na yeye asomewe kwanza kabla sijabandika. Kwa hivyo leo simtaji, subirini.

Haya, najua mnataka tuzo zangu za mwaka, maanake mmevumilia.

Ngoma ya mwaka ni Anguka Nayo ya Wadagliz. Hapo sina mjadala. Sikuibonyeza kwa simu hata mara tano, lakini mwezi wa Juni, wakati wa Mswada wa Fedha, vijana waliiimba barabarani nchi nzima. Ngoma ya kucheza ikawa ya kudai. Nani atakuhesabia hiyo?

Ngoma niliyoshiba ni Komasava. Diamond usinikasirikie, ni tamu, hata remiksi ya Jason Derulo ni sawa. Lakini kwenye zile matatu na tuktuk nilizohesabu iko mara 9. Dereva, naomba tupumue.

Spika ya mwaka naipa tuktuk moja ya Mwembe Tayari, yenye besi iliyonitikisa mpaka nikasahau chenji yangu.

Laivu ya mwaka ni yule mama wa kinanda.

Na posti mbaya ya mwaka ni ile tanzia yangu. Haikuwa mbaya kwa maneno, ilikuja tu imechelewa maisha mazima.

Kuna watakaosema, kwani tatizo liko wapi, si muziki wetu unapigwa? Unapigwa, ndio. Lakini mtu hawezi kuitwa kazini kwa jina la "Track 07". Hawezi kudai haki yake kwa "AUD". Promota wa Nairobi akitaka mtu wa pwani atamtafuta kwa jina, na jina halipo, basi atachukua yule yule aliyemchukua mwaka jana. Halafu sisi twalia Mombasa haipewi nafasi. Mlango wa kwanza tumeufunga sisi wenyewe, kwa uvivu tu wa kuuliza, "Huyu nani?"

Kwa hivyo mwaka 2025 kwangu kila Ijumaa ni mtu mmoja wa pwani, yuko hai, anafanya kazi. Mpiga udi, mwimbaji wa harusi, kijana wa rap wa Bondeni, yeyote. Jina lake vile anavyotaka liandikwe, na vile unavyoweza kumwita kazini kama ameridhia. Najua hizo posti hazitafika hata nusu ya ile tanzia. Nishazungumza na mamangu, amesema mbaazi zipo.

Na nyinyi nawaomba kitu kimoja. Leo ukisikia sauti ya hapa kwetu, kwa jirani au kwa tuktuk, uliza ni nani. Ukipata jina, badilisha lile faili kwa simu yako kabla hujamtumia mwenzako. Ni sekunde kumi.

Mimi nimeanza na flashi ya bibi wa juu. Nimefika ya kumi na nne. Zimebaki mia na kitu, na yeye ashanionya nisiguse mpangilio wake.