Dereva aliyekataa bunduki

Siku hizi, msomaji, kijana akimtumia mchumba wake ujumbe kwa simu na asijibiwe kwa nusu saa, roho humpaa. Yuko wapi? Yuko na nani? Sasa wazia kuuliza swali la moyoni na kungoja jibu kwa wiki nyingi, na huku unangoja, unaamriwa uendeshe gari gizani mizinga ikinguruma.

Ndivyo alivyoishi Olaf Stapledon, Mwingereza aliyejitolea mwaka wa 1915 akiwa na umri wa miaka 29. Alijiunga na kikosi cha magari ya wagonjwa kilichoanzishwa na Marafiki, yaani Wakweka. (Ni dhehebu lile lile lililofungua misheni Kaimosi mwaka wa 1902, wasomaji wa magharibi mwa Kenya hawahitaji kuelezwa zaidi.) Stapledon hakuwa muumini wao, lakini hakutaka kuua mtu. Wala hakuweza kukaa kwa wazazi wake akinywa chai ilhali vijana wa rika lake wanaangamia Ufaransa. Basi akashika njia ya katikati, na apitaye katikati, mjuavyo, hutupiwa mawe na pande zote mbili.

Msafara wake uliwahudumia askari wa Ufaransa. Gari la siku hizo liliwashwa kwa kuzungusha hendeli mbele, na asubuhi ya baridi kali hiyo peke yake ilikuwa kazi ya kumtoa mtu jasho. Usiku, karibu na uwanja wa vita, taa hazikuruhusiwa. Dereva alipapasa barabara iliyotobolewa na makombora, na kila gurudumu lilipotumbukia shimoni, majeruhi nyuma walipiga mayowe. Akienda kasi, anawatesa. Akienda polepole, anayevuja damu huenda asifike. Hakuna shule ya udereva inayofunza hilo.

Kisha zilikuja siku za kukaa tu: kuosha gari, kukaza nati, kungoja amri. Hapo ndipo kalamu ilipotoka.

Aliyeandikiwa ni Agnes Miller, wa Sydney, Australia, binti ya mjomba wake. Naam, binti ya mjomba! Wasomaji wa bara msishtuke. Wa pwani watawaelezeni.

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, na hawa wawili walitenganishwa na nusu ya dunia. Meli zilichukua wiki nyingi baharini, tena wakati ambapo nyambizi za Ujerumani zilikuwa zikizamisha vyombo. Barua za kutoka vitani zilikaguliwa na wakuu, hivyo Olaf hakuwa huru kumwambia mpenzi wake hata jina la kijiji alimolala. Alipolalamikia theluji, barua ilimkuta Agnes katika jua kali. Huzuni iliyoandikwa leo ilifika ikiwa imekwisha kumtoka mwandishi, labda imekuja nyingine.

Lakini kwa maoni yangu kulikuwa na jaribio zito kuliko umbali. Australia nayo ilikuwa vitani, na vijana wengi walikuwa wakijiunga na jeshi kwa hiari yao. Je, jirani akiuliza, "Mwenzio yuko kikosi gani?" msichana huyo angejibuje? Kwamba amekataa bunduki? Katika miaka ile neno "mwoga" lilikuwa karibu sana na midomo ya watu. Olaf alilijua hilo, akawa anajieleza katika barua zake kwa mtu ambaye hakuwa ameyaona matope yale wala kuisikia mizinga ile. Agnes naye alijibu, akauliza, akasubiri. Mimi sijui kama ningeweza.

Alibaki kazini hadi Januari 1919. Serikali ya Ufaransa ilimtunukia Croix de Guerre, nishani ya ushujaa, yeye ambaye hakufyatua hata risasi moja. Agnes alisafiri kutoka Australia, nao wakafunga ndoa Uingereza Julai mwaka huo huo.

Baadaye Stapledon alipata sifa kwa riwaya zake za kubuni mustakabali wa binadamu, ya kwanza ikiwa Last and First Men ya mwaka wa 1930. Alifariki mwaka wa 1950. Barua za uchumba zilichapishwa kuwa kitabu mwaka wa 1987, zake na za Agnes pamoja, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amezitunza za mwenzake.