Tuliikuta Nyumbani

Wapo wenzangu katika ualimu, na baadhi yao ni wasomi wa kuheshimika, wanaodai kwamba mtoto aliyekulia kijijini hakukutana na sanaa mpaka alipotia mguu shuleni akapewa karatasi na penseli za rangi. Maneno hayo nimeyasikia kwenye semina, nimeyaona katika maandalio ya masomo na, kwa aibu yangu, nimewahi kuyafundisha. Leo nayakataa.

Nilizaliwa Rufiji mwanzoni mwa miaka ya 1950. Jambo la kwanza ninalolikumbuka maishani, kabla hata ya sura ya baba yangu, ni ukindu mwekundu ukining'inia kwenye kamba uani, ukichuruzika maji ya rangi. Bibi aliuanika juani, akauchana kwa ukucha, akauchemsha sufuriani pamoja na rangi ya unga ya dukani, kisha akaketi barazani kusuka ukili. Mimi nilikaa miguuni pake nikitazama majani mekundu na ya zambarau yakizama na kuibuka, mpaka pembetatu zikajitokeza mahali ambapo punde tu hapakuwa na kitu. Hakuchora popote. Hesabu yote ilikuwa kichwani mwake, naye hakujua kusoma.

Siku moja, akiwa amekwisha kusuka kiasi cha dhiraa mbili, alisita, akaguna, akaanza kufumua. Jani moja lilikuwa limepita juu mahali pa kupita chini. Nilimuuliza kwa nini ajisumbue, ilhali mkeka ni wa kulalia na hakuna atakayeona. Akanijibu, "Mume wangu, mimi nimeshaona."

Sasa niambieni, kilichomfanya afumue ni nini kama si sanaa? Nitaambiwa kwamba ile ni kazi ya mikono tu, kwa kuwa mkeka una matumizi. Hoja hiyo ni dhaifu. Neno sanaa lenyewe tumelipata katika Kiarabu, na huko asili yake ni ufundi, kazi ya mtu ajuaye kutengeneza kitu. Anayemtenga msuka mikeka na msanii anapingana na neno lile lile analolitumia. Na kama kipimo ni chuo, basi tumfute na Edward Saidi Tingatinga, aliyechora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi pale Dar es Salaam mpaka alipofariki mwaka 1972, maana hakupitia chuo chochote cha sanaa. Hatumfuti, nami nashuku sababu ni kwamba wageni walimnunua. (Mkeka nao ukifika Ulaya ukatundikwa ukutani, huitwa sanaa hapo hapo. Kilichoongezeka ni msumari.)

Ubishi huu si wa maneno matupu. Mwalimu anayeamini kwamba mtoto amemjia mtupu humfundisha kuchora nyumba yenye bomba la moshi, nyumba ambayo mtoto hajapata kuiona, na humpa alama kwa kuifananisha na ya kitabuni. Yale macho yaliyozoea kuhesabu majani ya ukindu hayaulizwi kitu.

Nasema kwa kujua. Nilipokuwa mkufunzi kijana niliwapa wanachuo insha kuhusu mara yao ya kwanza kukutana na sanaa. Binti mmoja aliandika kurasa tatu juu ya mama yake mfinyanzi, namna alivyobingirisha kigunzi cha muhindi shingoni mwa chungu kibichi kukitia nakshi, na jinsi yeye mwenyewe, akiwa mdogo, alivyokatazwa kukigusa akakigusa, na alama ya kidole chake ikaokwa humo. Niliandika chini kwa wino mwekundu: "Hii si sanaa. Rudia."

Hakubisha. Siku ya pili aliniletea nusu ukurasa juu ya picha ya maua aliyoiona kwenye kalenda ya dukani. Nikampa saba kwa kumi.