Nishani ya Kamanda na Mabega ya Wapagazi

Watoto wa Kisiba hukua wakisikia kwamba chini ya maji ya ziwa letu, lile ambalo wengi huliita Ziwa Masoko, Wajerumani walitupa silaha na mali walipokimbia mwaka 1916. Wageni nao huja kuyatazama maji hayo na kuulizia hazina. Hatuna ugomvi na hadithi hiyo. Linalotusikitisha ni kwamba Vita Kuu ya Kwanza imebaki vinywani mwetu kama habari ya mali iliyozama, wala si habari ya watu waliobebeshwa.

Vita hivyo viligusa maziwa yetu mapema. Mnamo tarehe 13 Agosti 1914, Kamanda Rhoades wa meli ya Kiingereza Guendolen aliishambulia meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann huko Liuli, katika Ziwa Nyasa. Nahodha wa Kijerumani alikuwa hajapata hata habari kwamba nchi zao zinapigana.

Lakini ofisa wa majini aliyepata sifa kubwa zaidi katika maziwa ya pande hizi ni Geoffrey Spicer-Simson. Alizaliwa Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, mwaka 1876, akaingia jeshi la majini la Uingereza angali kijana wa miaka 14. Kwa muda mrefu nyota yake haikung'aa. Novemba 1914 meli ya Niger, iliyokuwa katika kundi lake, ilizamishwa na nyambizi karibu na mji wa Deal, yeye mwenyewe akiwa nchi kavu. Baada ya hapo aliwekwa ofisini.

Ziwa Tanganyika ndilo lililomtoa ofisini. Wajerumani walilitawala kwa meli zao, na Waingereza wakaamua kupeleka mashua mbili za mota, Mimi na Toutou, kila moja yenye urefu wa futi 40 hivi. Spicer-Simson akapewa kuongoza msafara. Mashua ziliondoka Uingereza Juni 1915, zikapita Cape Town, zikapandishwa garimoshi hadi Fungurume katika Kongo. Hapo reli ilikwisha. Zikabaki maili zipatazo 150 za msitu na milima ya Mitumba. Mitambo ya mvuke ilivuta, ng'ombe walivuta, na pale vyote viliposhindwa mamia ya Waafrika walivuta kwa kamba. Ni wao waliokata miti, wakatengeneza njia na kujenga madaraja. Mwishoni mwa Oktoba mashua zilifika ziwani, mahali paitwapo leo Kalemie.

Tarehe 26 Desemba 1915 meli ya Kijerumani Kingani ilitekwa. Tarehe 9 Februari 1916 nyingine, Hedwig von Wissmann, ikazamishwa. Kamanda akatunukiwa nishani ya DSO. Hata hivyo, meli kubwa, Graf von Götzen, hakuigusa. Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916. Na huko Kasanga, ambayo leo iko mkoani Rukwa, askari wa Kijerumani walitoroka usiku kwa vyombo vya majini bila yeye kuwazuia. Mwaka huo huo alirudi kwao mgonjwa. Baadaye alikuwa katibu mkuu wa ofisi ya kimataifa ya upimaji wa bahari huko Monaco, toka 1921 hadi 1937. Alifariki mwaka 1947.

Hatuandiki haya ili kumvunjia heshima marehemu. Kazi aliyopewa ilikuwa ngumu na aliitimiza. Lakini mashua hazikupanda milima kwa amri peke yake. Jina la kamanda limo vitabuni. Majina ya waliovuta kamba yako wapi?

Swali hilo linatuhusu sisi wenyewe. Majeshi ya Jenerali Northey yalipoingia Tukuyu Mei 1916, hayakufuatwa na reli wala malori ya kutosha. Chakula na risasi vilibebwa vichwani na mabegani mwa watu. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza katika Afrika Mashariki hukadiriwa kukaribia 100,000, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu. Kariakoo ya Dar es Salaam ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi hao. Lakini sanamu iliyosimamishwa mjini humo mwaka 1927 ni ya askari mwenye bunduki, mpagazi hayumo. Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi. Tumeusema msemo huo kwa kicheko, tukasahau kuuliza kama aliyepewa mzigo alirudi nyumbani.

Zipo dalili kwamba nchi yetu inaweza kutenda vizuri zaidi. Ndege ilipoanguka katika Ziwa Victoria karibu na Bukoba, Novemba 2022, taifa lilimpa heshima kijana mvuvi aliyewahi kuokoa watu, likamwajiri katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hakuwa na cheo wala sare. Alitazamwa kwa alichotenda, na hicho ndicho kipimo cha haki.

Kwa hiyo tunatoa wito. Walimu wa Kisiba na wa Rungwe nzima wawatume wanafunzi, kila mmoja na daftari lake, kwa wazee ambao babu zao walibebeshwa mizigo ya vita, waandike majina na njia walizopita. Halmashauri nayo isimamishe pale Masoko jiwe lenye majina yatakayopatikana, hata yakiwa kumi tu. Wazee wenye kumbukumbu hizo wanapungua kila mwaka. Wageni wanaokuja kuuliza hazina waonyeshwe jiwe hilo kwanza, ndipo wapelekwe ziwani.