Mtoto wa miaka 15 analazwa wapi? Tunataka vitanda, hatutaki kamba



Tumezoea kuandika hapa juu ya maji, umeme, barabara na usalama. Leo ni juu ya kitu chenye familia zinasemea chini-chini, mlango umefungwa: mtoto wa miaka 13, 15 ao 17 mwenye kichwa chake kimechoka. Siku tano halali. Anasikia sauti zenye wengine hawasikii. Ao amenyamaza, hali, hatoki chumbani, na mama yake anaogopa kumwacha peke yake ata dakika kumi.

Huyu mtoto analazwa wapi?

Angevunjika mguu kwenye moto, kila mtu wa avenyu angejua jibu. Lakini huyu anapelekwa kwanza kwenye chumba cha maombi. Hatusemi vibaya juu ya maombi, wengi wetu tunasali. Tunasema juu ya vile vyumba ambamo mtoto anafungwa kamba, anakatazwa chakula siku nyingi, anaulizwa nani alimpa ulozi. Sheria ya 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inakataza kumshitaki mtoto ulozi, na imeweka azabu. Wewe umeshaona nani akihukumiwa juu ya hiyo?

Maombi yakishindwa, na mtoto akianza kuvunja vitu, jirani anaita polisi. Hapo ni kasho. Mgonjwa analala chini pamoja na watu wazima walioshikwa juu ya wizi, na asubuhi familia inaombwa franga ili atoke, bila kidonge ata kimoja.

Familia yenye uwezo kidogo, ao yenye bahati ya kujua, inafika kwenye hospitali ya magonjwa ya akili. Huku kwetu ni chache: Goma tuko na Tulizo Letu, Bukavu kuko SOSAME. Zote mbili zinabebwa na Ba Frères de la Charité, shirika la watawa lililoanza Ubelgiji mwaka 1807. Tunawapa heshima yao, wamekaa hapa wakati wengine walikimbia. Lakini fikirieni kidogo: uhuru tumepata 1960, na mpaka leo mgonjwa wa akili wa Kivu anategemea huruma ya watawa. Leta iko wapi?

Mwaka uliopita tulifuata familia moja ya kartie yetu. Kijana wa miaka 15, mwanafunzi mzuri wa hesabu. Alilazwa kwenye kituo kimoja, jina hatutaji. Walimweka chumba kimoja na wanaume wa miaka 30 na 40. Mmoja alikuwa anapiga kelele usiku mzima. Dawa zilimtuliza, hiyo tunaikubali. Lakini hakuna mtu aliyekaa naye kumuuliza kilichomfika. Dada yake mkubwa aliacha masomo ili awe garde-malade, juu ndiyo kawaida yetu: familia inapika, inafua, inalala hapo chini ya kitanda. Kwenye wiki ya tatu kijana alikuwa anaweza kurudi nyumbani. Alitoka wiki ya saba. Hizo wiki nne hazikuwa za ugonjwa, zilikuwa za fakture. Mama yake, mwenye kuuza makala, alituambia: « Mtoto wangu amepona, lakini wamemshika kama rehani. »

Alitoka na dawa za mwezi mmoja. Zilipoisha, kituo cha afya cha karibu hakikuwa nazo, na bei ya famasi ilikuwa juu ya uwezo wa mama. Mwezi wa tatu akaanguka tena. Leo haendi masomo. Watoto wa avenyu wamemtungia jina lenye hatutaliandika hapa.

Kwa hiyo tukisema tunataka vitanda, mtuelewe vizuri. Hatuombi jengo kubwa la « wazimu » mbali na mji, ambamo watoto watatupwa na kusahauliwa. Tunaomba kitu kidogo: nyumba ya vitanda kumi ao kumi na mbili kwa kila mji mkubwa, ya vijana wa miaka 12 mpaka 17 peke yao, wasichana mbali na wavulana, kwa muda mfupi. Wiki mbili, tatu, nne. Kazi ya hizo wiki ni kurudisha usingizi na kutafuta kipimo cha dawa chenye kinamfaa. Ni kuangalia pia kama sio kifafa, ao malaria iliyopanda kichwani, ao pombe kali na bangi, ao ubakaji wenye mtoto hajamwambia mtu. Hiyo ya mwisho, wandugu, kwenye mji wetu haiwezi kuwa swali la kuulizwa mbele ya wanaume wazima wanne wasiojulikana. Inahitaji mlango wa kufunga, na mtu aliyesomea kusikiliza.

Mzazi anakuwa hapo, sio tu kwa kupika. Anafundishwa: dawa hii ni ya nini, inaletaje usingizi, alama gani zinaonyesha krizi inarudi. Na tangu siku ya kuingia watu waanze kupanga kutoka. Mkuu wa masomo ajue. Kituo cha afya cha kartie kiwe na hizo dawa. Muuguzi mmoja apite nyumbani kila wiki mbili. Bila hiyo, kitanda ni kupumzika tu kati ya krizi mbili.

Kwa nini muda mfupi? Juu kijana anayekaa miezi sita hospitalini anapoteza mwaka wa masomo na marafiki wote. Mtu mzima anaweza kurudi kwenye biashara yake. Mtoto wa miaka 14, ule mwaka haurudi.

Tutajibiwa kwamba ba ONG wanafanya kazi ya kusaidia roho za watoto. Ni kweli. Kwenye kambi za wakimbizi wa vita, Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, kulikuwa na hema zenye mipira, ngoma na michoro, na zilisaidia wengi. Lakini mpira haumlazi mtoto mwenye krizi. Mradi uko na tarehe ya kuisha, ugonjwa hauna. Na kambi zenyewe zilivunjwa mwanzoni mwa 2025.

Shirika la Afya Duniani, OMS, linasema nusu ya magonjwa ya akili inaanza kabla mtu hajafika miaka 18, na mengi hayaonekani wala hayatibiwi. Hiyo ni dunia nzima, hata kwenye amani. Sasa chukua mtoto aliyezaliwa Goma 2010. Mji umechukuliwa Novemba 2012, akiwa mgongoni mwa mama. Nyiragongo imelipuka 22 Mei 2021. Januari 2025 mabomu yameanguka kwenye kartie na mji umechukuliwa tena. Alikuwa hajafika ata miaka 16. Tunashangaa nini akikosa usingizi?

Katiba yetu, kwa artikle ya 42, inalazimisha leta kulinda vijana dhidi ya kila kitu chenye kinaharibu afya yao na masomo yao. Artikle ya 47 inahakikisha haki ya afya. Viongozi wa Afrika waliahidi kule Abuja, 2001, kuweka 15% ya bajeti kwa afya. Na wasituambie kulipia wagonjwa haiwezekani: 2023 Kinshasa ilianza kulipia wamama wanaozaa. Wenye kuamua waandike sasa mstari mmoja juu ya vijana wenye ugonjwa wa akili, na watoto waache kushikwa juu ya fakture.

Na wasituambie hakuna watu. Kisangani peke yake inatoa wasaikolojia kila mwaka. Ba ISTM wanatoa wauguzi. Mimi mwenye kuandika hii niko na lisansi ya saikolojia na niko nyumbani, mwaka wa pili huu, napeana somo la Kifaransa kwa watoto wa jirani. Tuko wengi. Mtufundishe miezi michache chini ya daktari, mtulipe, tufanye kazi.

Tunajua nani anashika mji leo, na tunajua Kinshasa inasema nini. Banki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, dawa zikapanda bei. Kila upande unasema unalinda raia. Kwa hiyo tunapeleka maswali yaleyale pande zote mbili, na kwa Divizyo ya Afya ya jimbo: vitanda ngapi vimetengwa kwa watoto wa chini ya miaka 18? Watoto wangapi wamepona lakini hawajatoka juu ya deni? Ni vituo gani vya afya, kwa majina, viko na dawa za kifafa na za krizi mwezi huu? Jibu tutaliweka hapa. Wakinyamaza, tutaandika tarehe ya barua na siku zilizopita.

Na wewe mwenye kujua mtoto aliyefungwa kamba kwenye avenyu yako: usipige picha yake, usiiweke kwenye mitandao. Ongea kwanza na mama yake ao mkubwa wa familia. Akikubali, mlete kwetu, tutamsindikiza mpaka hospitali.