Minofu Ulaya, Mapanki Kiseke
Wiki hii hapa Kiseke, Mwanza, nimemkuta mama akikaanga mapanki, kichwa na mifupa ya sangara ambaye minofu yake imekwenda Ulaya. Nimeyala tangu utotoni na bado nayapenda, ila huwaza ni nani aliyetugawia fungu hili. Jibu naliona kwenye siasa: mkono mtupu haulambwi, na kampeni zinataka fedha. Mwaka 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani iliyaruhusu makampuni kumwaga fedha kwenye uchaguzi bila kikomo. Mwaka huohuo sisi Watanzania tukatunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi ili kuweka ukomo. Tuisimamie kweli, kwani mwanasiasa anayedaiwa na tajiri hawezi kumtetea mvuvi. Mgombea akija kuomba kura, tumuulize kwanza: nani anakugharamia?