Gia inagoma alfajiri: kijana kaua gia boksi, au gari bado limelala?

Wiki hii naanza na barua ya mama mmoja wa Njombe. Nimeifupisha kidogo tu.

“Habari za kazi, dada. Mwanangu ana miaka 23 na ameanza kazi mwaka huu. Mjomba wake wa Dar alimpa Altezza yake, ile ya gia sita za mkono. Mjomba aliliendesha miaka minne bila kulalamika. Tangu lifike huku mwezi wa tano, kila alfajiri gia ya pili inagoma. Akilazimisha, inakwaruza. Baba yake, ambaye ameendesha malori karibu maisha yake yote, anasema kijana ameua gia boksi kwa mbio za usiku, na mwisho wa mwezi atachukua ufunguo. Kijana anasema gari linataka joto tu. Basi saa kumi na moja alfajiri analiwasha na kuliacha linanguruma dakika ishirini, chini ya dirisha la wadogo zake. Moshi wote unaingia chumbani. Wiki ya pili sasa baba na mwana hawasemeshani. Naomba unisaidie, nani anasema kweli?”

Mama mwenzangu, kila mmoja ameshika kipande cha ukweli. Nitavieleza vyote viwili. Lakini kuna jambo moja haliwezi kusubiri.

Kwanza, dirisha

Kuanzia kesho gari hilo lisiwashwe tena chini ya dirisha la watoto. Moshi wa petroli una hewa ya kaboni monoksaidi. Haina rangi na haina harufu; harufu unayoisikia wewe ni ya vitu vingine vilivyomo kwenye moshi huo. Injini inapowashwa ikiwa baridi huitoa kwa wingi zaidi, kwa sababu kile kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi bado hakijapata moto wa kufanya kazi.

Mtoto aliyelala anaivuta bila kujua. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito usio wa kawaida. Ukiziona asubuhi ambayo gari limewashwa, watoe watoto nje kwenye hewa safi mara moja, wapeleke kituo cha afya, na umwambie daktari habari za moshi wa gari ili asidhani ni malaria tu. Kama mna banda la gari, kufungua mlango wake hakutoshi. Gari liwashwe na litoke.

Sasa tuje kwenye gia.

Kwa nini Dar halikusumbua

Mwenyewe umeandika jibu bila kujua. Kwa mjomba, Dar, gari halikugoma. Limepanda Njombe mwezi wa tano, baridi inapoanza, likaanza kugoma. Na linagoma alfajiri.

Chukua chupa ya mafuta ya nazi. Dar yanamiminika. Yalete Njombe mwezi wa sita, asubuhi utayachokoa kwa kijiko. Oili ya gia haigandi namna hiyo, lakini nayo huwa nzito zaidi kadiri baridi inavyozidi.

Nilimwomba fundi mmoja wa gia boksi anieleze uzito huo unafanya nini. Alisema hivi: ndani ya gia boksi, meno ya gia za mbele yameshikana muda wote. Unapovuta mkono wa gia, unachofanya ni kuifunga gia moja kwenye shafti yake ili ibebe gari. Tatizo ni kwamba gia na shafti vinazunguka kwa kasi tofauti. Kati yake kuna pete, mara nyingi ya shaba, ambayo mafundi huiita sinkronaiza. Pete hiyo ni kama breki ndogo. Inasugua, kasi zinalingana, ndipo njia inafunguka na gia inaingia.

Ili isugue, lazima kwanza ikate utando wa oili. Oili ikiwa nzito, utando unachelewa kukatika. Mkono wa gia unagonga kama umekuta ukuta, kisha baada ya kitambo kidogo ukuta unaondoka. Asiye na subira anasukuma kwa nguvu kabla kasi hazijalingana. Hapo ndipo unasikia “krrr”.

Kwa nini gia ya pili hasa? Kwa sababu kutoka ya kwanza kwenda ya pili ndiko kwenye ngazi ndefu kuliko zote. Kwenye gia boksi kama ya gari hilo, injini ikiwa kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika katika gia ya kwanza, ya pili inataka ishuke hadi 2,200 na kitu. Pete ya gia ya pili ina kazi kubwa kuliko wenzake, na inaifanya wakati gari ndiyo kwanza limetoka nyumbani.

Kuna sababu nyingine. Altezza ya gia sita ilitengenezwa kwa wapenda mwendo: injini ya lita 2, nguvu farasi hadi 210, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Mkono wake wa gia umekaa juu ya gia boksi yenyewe na unasafiri kifupi. Kwenye magari mengi ya familia yanayovutwa na magurudumu ya mbele, mkono wa gia unafika kwenye gia boksi kupitia nyaya, na nyaya zinameza mengi. Kwenye Altezza, kinachotokea ndani unakipata kiganjani. Kwa hiyo ugumu ambao gari la shangazi lingeuficha, hilo linausema wazi.

Muulize kijana pia kama amebadilisha mkono wa gia na kufunga ule mfupi wanaoupenda vijana. Mkono ukifupishwa unahitaji nguvu zaidi, na alfajiri ya baridi ugumu wake unaongezeka.

Namna ya kuliamsha

Hapa ndipo kijana anapokosea. Mshale wa joto anaouangalia kwenye dashibodi ni wa maji ya injini. Gia boksi ya gari hilo haina mshale. Injini inachoma petroli, kwa hiyo inapata moto hata gari likiwa limesimama. Gia boksi haina moto wake. Joto lake linatokana na oili kuchapwa na meno yanayobeba mzigo, yaani gari linapotembea. Zile dakika ishirini zinapasha maji ya injini na kumaliza petroli, lakini gia boksi inapata joto kidogo sana.

Afanye hivi:

Awashe, asubiri nusu dakika hadi dakika moja mngurumo utulie, kisha aondoke taratibu.

Kilomita 5 hadi 10 za mwanzo asivuke mizunguko 3,000, hata kama mshale wa injini umeshapanda. Injini huwahi, gia boksi huja nyuma.

Kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili asingoje gari likolee. Abadili mapema, akanyage klachi hadi chini, alete mkono katikati, atulie kidogo, kisha avute kwa vidole bila kukunja ngumi.

Ikigoma asilazimishe. Arudishe katikati, aachie klachi, aikanyage tena, ndipo aingize. Mara nyingi itaingia kama kisu kwenye siagi.

Na mkono ukishamaliza kazi urudi kwenye usukani. Kupumzisha kiganja juu ya gia kunasukuma vyuma vya ndani vinavyopaswa kukaa huru, na vinakwisha polepole.

Baridi au ugonjwa?

Baba naye ana hoja. Baridi haiharibu gia boksi, lakini kulazimisha kila alfajiri kunaila ile pete. Ikishalika, gia itakwaruza hata mchana wa jua kali, na hapo ni kufungua gia boksi. Gharama hiyo mnaifahamu.

Namna ya kutofautisha ni rahisi. Baada ya dakika kama ishirini za kuendesha, gia ya pili inaingia laini? Basi ilikuwa baridi. Bado inakwaruza, au inaruka yenyewe na kurudi katikati unapoachia mafuta? Huo ni ugonjwa, apelekwe fundi mapema.

Kipimo cha pili: gari limesimama, injini inawaka, gia ya kwanza na rivasi zote zinakataa. Ukizima injini, zinaingia bila shida. Hapo uchunguze klachi kwanza, maana haiachii vizuri. Pengine maji ya klachi yamepungua au yanavuja, na dawa yake ni nafuu kuliko kufungua gia boksi.

Kabla ya yote, oili yenyewe ikaguliwe: ipo ya kutosha, na ni aina gani? Kwenye kopo kuna namba kama 75W-90. Ya mbele inaonyesha inavyokuwa kwenye baridi, na ikiwa ndogo zaidi ni nyepesi zaidi alfajiri. Ya nyuma inaonyesha inavyokuwa ikipata moto. Kuna pia alama za GL-4 na GL-5. Baadhi ya oili za GL-5 hazifai kwenye gia boksi zenye pete za shaba, ilhali magari mengine yametengenezwa kwa GL-5 hiyo hiyo. Kwa hiyo asichukue “oili ya gia” yoyote iliyopo dukani. Kitabu cha gari lililotoka Japani mara nyingi ni cha Kijapani, hivyo fundi atafute kwa namba ya gia boksi. Ya gari hilo si ngeni kwa mafundi: ilitengenezwa na Aisin, na jamii yake imefungwa pia kwenye Mazda Roadster na Nissan Silvia S15.

Baba na mwana

Nirudi kwa waliogombana. Mwambie mzee hivi, kwa heshima yake: malori mengi ya zamani hayakuwa na pete hizo. Dereva ndiye aliyelinganisha kasi, kwa mguu na sikio, akikanyaga klachi mara mbili. Ujuzi ambao kijana anauhitaji kila alfajiri, mzee anao. Ameutumia miaka yote kulisha nyumba hiyo. Badala ya kunyang’anya ufunguo, akae kiti cha kushoto Jumamosi moja, waondoke gari likiwa baridi, waende hadi lipate joto, wasikilize wote wawili. Kama binti yako naye anataka kujifunza, akae nyuma asikie.

Na kijana aambiwe kwamba neno la baba yake kuhusu kulazimisha ni la kweli. Gari alipewa bure, gia boksi hatapewa. Wakubaliane mapema: kikiharibika kitu, atalipa kiasi gani kutoka kwenye mshahara wake.

Yale madai ya mbio za usiku yawekwe pembeni yajadiliwe peke yake. Kama mzee ameona au ameambiwa na mtu, amuulize mwanawe waziwazi, kwa sababu hapo suala ni uhai wake na wa watu wengine barabarani, hata kama gia zote sita zinaingia laini. Ila asimhukumu kwa mkwaruzo. Mkwaruzo wa alfajiri ya Njombe hausemi alikuwa wapi jana usiku.

Anza wewe, mama. Waambie wote wawili wakiwa mezani, si mmoja mmoja, maana ukipeleka maneno huku na kule utageuka tarishi. Hilo la Jumamosi wanaweza kulipangia muda. La dirisha la watoto ni la leo.

Ukiona mabadiliko, niandikie tena. Wiki ijayo nitajibu baba anayeuliza kama mtoto wa darasa la nne apewe simu yake mwenyewe.