Vuli Si Autumn, Wasee

Oktoba imefika na simu yangu imejaa majani ya rangi ya chungwa. Si ya Boston, si ya London. Ni ya Kilimani, ya Ruaka, ya Syokimau. Dada amevaa sweta nzito ya shingo ndefu, mshumaa wa mdalasini unawaka, mikono imekumbatia kikombe, na nje ya dirisha jua la saa saba linachoma lami. Halafu chini ameandika ati leo ni siku tulivu ya vuli, yuko kwa keja yake, anaoka keki ya malenge na kufuma uzi. Dadangu, kwa hiyo sweta, unaoka keki ama unajioka wewe?

Nitasema hili na mkitaka kunirushia mawe kwenye komenti, karibuni: hatuna huo msimu, na kuuigiza si mchezo mdogo vile mnadhani.

Tuanze na neno lenyewe. Tafsiri zimetuzoesha kwamba "vuli" ni ule wakati wa Ulaya na Marekani ambapo majani yanageuka rangi na kupukutika. Muulize mtu wa pwani. Vuli ni mvua. Ni zile mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, zinazokuja baada ya demani, upepo wa kusi ukishachoka na bahari ikatulia. Aliyetafsiri alikuwa na pengo la kuziba, akashika neno lililokuwa karibu kwenye kalenda. Sawa, simlaumu sana. Lakini angalia tofauti. Ule msimu wa wenzetu ni wa kufunga: wamevuna, wameweka akiba, giza linaingia mapema, wanarudi ndani kwa moto. Vuli yetu ni ya kufungua. Nenda Makueni, Kitui ama Machakos wakati huu uone watu wakitayarisha shamba na kutazama mawingu, kwa sababu kule mvua ya vuli ndiyo ya kutegemewa kuliko ile ndefu ya Machi hadi Mei. Ikikosa, mwaka umeenda na maziwa ya mbuzi ndiyo yatabaki, kama mbuzi mwenyewe atabaki. Sasa mtoto wa watu hao hao, aliye mjini na simu nzuri, anachukua jina la mvua hiyo na kulibandika kwa mshumaa.

Hapo ndipo naumia. Si sweta.

Misimu yetu ilikuwa na majina, na majina hayo yalikuwa na kazi. Wakikuyu waliita mvua ndefu kwa jina la njahi, na mvua fupi kwa jina la mwere, yaani uwele. Ukitaja msimu umetaja chakula, umetaja na kinachofaa kupandwa. Leo ukimuuliza kijana wa miaka ishirini hapa Nairobi mvua ya mwere ni nini atakuangalia tu, lakini anajua tarehe ya Halloween bila kufikiria.

Kuna wale watasema, "Wacha watu wafurahi, ni kukaa nyumbani tu, kupika na kushona, ubaya uko wapi?" Hakuna ubaya. Napenda kukaa nyumbani kuliko nyinyi wote, naweza kukaa siku tatu bila kushuka ngazi. Na baridi tunayo, tena ya kweli! Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Kuanzia Juni mpaka Agosti jua linapotea, anga inakuwa kijivu kama sufuria kuukuu, na Limuru ama Kinangop unatoka nje asubuhi ukitoa moshi mdomoni bila sigara. Pwani wanaita kipupwe, Wakikuyu wanaita gathano. Hiyo ndiyo siku ya kufunga mlango. Githeri inachemka tangu asubuhi mpaka dirisha linatoa jasho, uji wa wimbi uko kwa thamosi, mvua ya rasharasha haieleweki kama inanyesha ama inatania, na mtu amejifunga leso mabegani juu ya sweta juu ya fulana. Mnaifanyia nini hiyo siku? Mnaipostia vichekesho vya kuoga kwa kikombe kimoja. Halafu mnangoja Oktoba, joto limerudi, jakaranda zimechanua, ndio mnatoa blanketi!

Na jakaranda ni mti wa kuja, asili yake ni Amerika ya Kusini, kwa hivyo msiseme nachukia vya wageni. Lakini umekubali kuishi hapa na kumwaga maua yake ya zambarau hapa, kwa wakati wake. Barabara nzima inakuwa zulia. Kama lazima kitu kianguke kwa video yako ya Oktoba, kinaanguka tayari, bure, hapo nje. Majani ya plastiki ni ya nini?

Kontenti ya baridi yetu ingekuwa na faida hata zaidi ya urembo. Kila mwaka baridi ikikaza tunasikia habari ya watu waliolala na jiko la makaa ndani ya nyumba, dirisha limefungwa, wasiamke. Ile hewa ya kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, usingizi unakuwa mtamu tu mpaka basi. Mtu mwenye wafuasi elfu hamsini akipika chakula chake Julai, na katikati ya video aseme "jiko likimaliza kazi litoke nje kabla hatujalala", hiyo sentensi moja inaweza kuokoa familia ya mtu Kayole. Huwezi kuisema kwa msimu wa kuigiza, kwa sababu huko wana mashine ya kupasha nyumba joto, na wewe unaigiza kana kwamba unayo.

Sasa malenge. Hapa ndio nacheka kabisa. Kile kinywaji kilichoanzisha wazimu wote huu, latte ya malenge ya Starbucks, kilitoka mwaka 2003, na malenge yenyewe haikutiwa ndani mpaka 2015. Miaka kumi na miwili watu wanakunywa jina! Kilichokuwa mle ni ladha ya viungo: mdalasini, tangawizi, kungumanga, karafuu. Jamani. Hiyo ni kabati ya mamako. Ni chai masala ya dukani, ile pakiti ndogo ya kukata na meno. Karafuu ya Pemba na Unguja imezunguka dunia karne nzima na zaidi, imerudi kwetu kama harufu ya mshumaa wa shilingi elfu mbili, na sisi tunaishangaa kama mgeni.

Na malenge ya kweli tunayo. Tunaichemsha na kuila na chai asubuhi. Tunakula mpaka majani yake, ndiyo yanaipa mukimo ile rangi ya kijani kati ya viazi, mahindi na minji. Mombasa wanaipika na tui la nazi, sukari na iliki, boga la nazi, na kama hujawahi kulila wakati wa futari basi bado hujalijua boga. Hebu niambie ni nani, Marekani nzima, angeona hiyo sufuria ikichemka taratibu asitake kujua ni nini.

Kwenye kushona ndio hasira inapanda. Mnakumbuka vitambaa? Vile vya kroshia, vyeupe, vilivyolazwa kwa kila kochi, kila meza, juu ya redio na juu ya televisheni. Mamangu alivifuma usiku baada ya kazi, macho kwa taarifa ya habari, vidole vinajiendea. Vya wageni aliviweka kando, na vikifuliwa vinatiwa stachi mpaka vinasimama vyenyewe. Sisi watoto wa mjini tukakua tukaviita ushamba. Leo ile sindano ileile, uzi uleule, mshono uleule, imekuja na video ya kizungu ikiitwa tiba ya mawazo, na sasa ndio kila mtu anafuma kofia. Wamama waliokuwa wakifuma miaka hiyo yote hakuna aliyewaambia wanajitibu. Waliambiwa wanajaza nyumba vitambaa.

Kiondo ni hivyohivyo. Kuna mama anakisokota uzi wake wa katani kwa paja, anakisuka akiwa sokoni, akiwa kwa mkutano wa chama, akiwa safarini. Nimesimama kando ya mnunuzi aliyeambiwa 1,500 akasema 500, akasonya, akaondoka. Kikapu cha wiki nzima! Mshumaa hakuomba apunguziwe.

Najua jibu mtakalonipa, na ndilo jibu pekee la maana: doo. Mtazamaji wa Marekani analipa zaidi ya wa hapa, ndio ukweli wa matangazo, na hakuna mtu analipa rent na uzalendo. Nakubali. Lakini fikiria kama mfanyabiashara. Mtu wa Vermont ana mti halisi mlangoni, ana majani halisi, ana baridi halisi, na wako maelfu kama yeye. Wewe unamletea majani ya plastiki. Umewahi kuona mtu akibeba samaki kutoka Nairobi kwenda kuuzia watu wa Kisumu? Mkenya aliyeko kule Minnesota akipika mukimo theluji ikikaribia, huyo sina neno naye, hayo ni maisha yake na huo ni msimu wake. Mimi naongea na wewe uliyeko Ruaka.

Wiki iliyopita kuna mteja alinitumia kazi: video ya sekunde arobaini, sweta, majani, mshumaa, "hisia za vuli". Pesa ilikuwa nzuri, sitawadanganya. Nikamwandikia kwamba vuli ninayo: mvua ya kwanza ikigonga mabati, boga la nazi jikoni, vitambaa vya mamangu vimetolewa kwa sanduku, jakaranda nje. Bei ni ileile. Mshumaa naweza kuuwasha, maana mvua ikianza stima nayo huenda.

Bado hajajibu.